Je, Wakristo wa Marekani walianza kugombania masuala ya jinsia na uzazi mwaka 1973, au mapema zaidi?

Neema_M ameuliza:

Salamu kwenu wanajukwaa.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na muhula huu nimepangiwa kuwasilisha darasani kazi za R. Marie Griffith, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, ambaye tangu miaka ya 1990 amekuwa akichunguza jinsi dini inavyogusa maisha ya wanawake, miili yao na ndoa zao nchini Marekani. Nimejikita zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2017, kinachoeleza namna masuala ya kujamiiana yalivyowagawa Wakristo wa nchi hiyo, hadi mgawanyiko huo ukaingia katika siasa.

Nakiri kwamba nilikifungua kitabu hicho nikiwa na hadithi yangu tayari. Wengi wetu tunaijua: Marekani ilikuwa nchi ya watu wa dini, ikaja miaka ya 1960 na misukosuko yake, tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ikaamua shauri la Roe dhidi ya Wade na kuruhusu utoaji mimba, waumini wakaghadhibika, na kuanzia hapo wakaingia kwenye siasa kupambana na watu wasio na dini. Griffith haanzii hapo. Anaanzia miaka ya 1920, mara tu baada ya wanawake kupata haki ya kupiga kura, na katika maelezo yake wanaovutana ni Wakristo kwa Wakristo, kila upande ukiwa na Biblia mkononi.

Naombeni msaada katika mambo mawili. Kwanza, ni ushahidi upi wa kabla ya 1973 ulio mzito kiasi cha kuwashawishi wanafunzi wenzangu, ambao najua watanibana kwa maswali? Pili, nitawasilisha kwa Kiswahili, na tayari nimekwama kwenye neno la kwanza la mada yenyewe. Nikisema "jinsia", wako watakaoelewa wanawake na wanaume tu, na wako watakaoelewa tendo la ndoa.

---

Mzee wa Maktaba amejibu:

Binti yangu Neema, hongera kwa kukiri hadithi uliyoingia nayo, maana hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mtu wa historia. Nitajibu lile la kwanza na kuwaachia wenye lugha lile la pili.

Waambie wenzako waanzie Brooklyn, nyumba namba 46 katika mtaa wa Amboy, tarehe 16 Oktoba 1916. Hapo muuguzi Margaret Sanger alifungua kliniki ya kuwafundisha akina mama namna ya kuzuia mimba, akisaidiwa na dada yake Ethel Byrne na mwenzao Fania Mindell. Eneo hilo la Brownsville lilijaa wahamiaji maskini, kwa hiyo vipeperushi viliandikwa kwa Kiingereza, Kiyidi na Kiitaliano, na ada ilikuwa senti 10. Akina mama walipanga foleni barabarani, wengine wakiwa na vigari vya watoto. Haikupita wiki mbili, polisi wakaifunga. Sanger mwenyewe alizaliwa na mama Mkatoliki aliyebeba mimba 18, akabaki na watoto 11, na akafariki akiwa bado hajafikia uzee. Ukilikumbuka hilo, utaelewa kwa nini hakulichukulia suala hili kama nadharia.

Sasa tazama jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1873, iliyopiga marufuku kutuma kwa posta vifaa na hata maelezo ya kuzuia mimba, ilisukumwa na Anthony Comstock, Mprotestanti mwenye msimamo mkali. Wakati huo Waprotestanti na Wakatoliki hawakuwa na ugomvi juu ya jambo hili, kwa kuwa wote walilikataa. Miaka 50 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Tarehe 13 Novemba 1921 Sanger alitakiwa kuhutubia katika ukumbi wa Town Hall jijini New York, polisi wakaingia na kuuvunja mkutano kabla haujaanza vizuri, na waandishi wa habari walipofuatilia waliona mkono wa Askofu Mkuu Patrick Hayes. Waprotestanti wengi waliokuwa hawampendi Sanger hata kidogo walichukizwa kuona kiongozi wa Kanisa Katoliki akiwaagiza polisi wanyamazishe mkutano wa hadhara. Mpasuko ulianza kuonekana hapo.

Kisha ukaja mwaka 1930. Maaskofu wa Kianglikana duniani walikutana Lambeth, London, na katika azimio la 15 wakakubali, kwa masharti mengi, kwamba wanandoa Wakristo wanaweza kutumia njia nyingine za kuzuia mimba mbali na kujinyima, ilhali mkutano uleule wa mwaka 1920 ulikuwa umelaani jambo hilo. Papa Pius XI hakukawia. Tarehe 31 Desemba 1930 alitoa waraka wa kulipinga kabisa. Machi 1931 kamati ya baraza lililounganisha makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Marekani ikaunga mkono matumizi ya uangalifu, na Wapresbiteri wa majimbo ya Kusini wakajitoa kwenye baraza hilo. Hesabu mwenyewe: ndani ya miezi minane tu, Wakristo waliokuwa na kauli moja walikuwa na kauli tatu. Na hapo bado ni miaka 42 kabla ya Roe.

Usiwafiche wenzako upande wa giza. Baadhi ya wachungaji waliounga mkono uzazi wa mpango walivutwa na nadharia za "kuboresha kizazi", zilizotaka maskini na watu waliohesabiwa dhaifu wasizae, na Sanger mwenyewe alishirikiana na watu wa nadharia hizo. Ukimgeuza malaika, atakayekubana darasani atakuwa na haki.

Kwa upande wa utoaji mimba, nina vitu viwili. Tarehe 22 Mei 1967 gazeti la *New York Times* lilitangaza katika ukurasa wa mbele kwamba viongozi wa dini 21, wachungaji 19 na marabi 2, wamejitolea kuwashauri wanawake wenye mimba wasizozitaka na kuwaelekeza kwa madaktari wa kuaminika, wakati sheria ya jimbo la New York bado ilizuia. Aliyewaongoza alikuwa Howard Moody, mchungaji Mbaptisti wa kanisa la Judson Memorial lililoko Washington Square. Mwanamke akipiga simu alisikia sauti iliyorekodiwa ikimtajia majina ya viongozi wa dini wa zamu, kisha akaenda kuzungumza na mmoja wao ana kwa ana. Fikiria hapo: katika nchi ambayo sheria ilikataza, namba ya kupiga ilikuwa ya mchungaji.

La pili ni la 1971. Wabaptisti wa Kusini, kanisa la Kiprotestanti linalojulikana leo kwa uhafidhina wake, walikutana St. Louis na kupitisha azimio la kuwahimiza waumini wao wafanye kazi ili sheria iruhusu utoaji mimba pale penye ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, ulemavu mkubwa wa kijusi uliothibitika, au hatari kwa afya ya mama, ya mwili, ya akili na ya hisia. Ni miaka miwili kabla ya Roe, na waliosema hivyo ni Wabaptisti wa Kusini. Azimio hilo wenyewe walikuja kulijutia hadharani mwaka 2003.

---

Wambui_Nakuru amejibu:

Dada Neema, nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na swali lako la pili ndilo lililonivuta.

Ningekushauri utenganishe maneno matatu na uyaeleze mwanzoni mwa wasilisho, kabla hujamtaja hata Griffith. "Jinsi" liwe ni hali ya mwili, yaani me au ke. "Jinsia" liwe ni yale ambayo jamii inamtarajia mwanamke au mwanamume ayafanye: nani apike, nani ahubiri, nani arithi. "Ujinsia" liwe ni mambo ya tamaa, mapenzi na tendo lenyewe. Najua fomu nyingi za ofisini huandika "jinsi" na "jinsia" kana kwamba ni kitu kimoja, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayejali, lakini kwa kazi yako tofauti hiyo ndiyo mada. Sehemu kubwa ya ugomvi wa Wamarekani hao ilitokea kwa sababu kila aliyejadili ujinsia alikuwa, chini kwa chini, anajadili jinsia. Mtu alisema anaogopa vidonge vya kuzuia mimba, kumbe alichoogopa ni mke asiyehitaji ruhusa.

Neno jingine la kuwa nalo makini ni "walokole". Nimeona watafsiri wakilitumia kwa Waprotestanti wahafidhina wa Marekani. Mimi silipendi kwa kazi hii. Walokole ni watu wa uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, wenye desturi ya kukiri dhambi mbele za watu na kutembea nuruni, na jina lenyewe limetoka Kiganda. Ukiliweka kwa mhubiri wa televisheni wa Virginia, msomaji wetu atamwona jirani yake wa Bukoba au Kabale akigombea kiti cha siasa. Sema "wainjilisti wa Marekani" na ufafanue mara moja.

Na kwa kuwa tuko kwenye maneno, kuna mfano ambao mtu wa Kiswahili anauelewa haraka kuliko wengine. Katika 1 Wakorintho 6:9 Mtume Paulo ana maneno mawili ya Kigiriki ambayo watafsiri wamehangaika nayo karne nyingi. Biblia yetu ya Muungano imeyaweka mawili, "wafiraji" na "walawiti", yaani watu wanaotenda kitendo fulani. Tafsiri mpya ya Agano Jipya iliyotolewa Marekani mwaka 1946 iliyaunganisha yote mawili kuwa neno moja la kisasa, "homosexuals", neno la madaktari wa magonjwa ya akili, linalotaja aina ya mtu na si kitendo. Mwaka 1971 watafsiri walilibadilisha, lakini kwa robo karne Mmarekani aliyeisoma tafsiri hiyo kanisani aliamini kwamba Paulo alimjua mtu ambaye sayansi ya karne ya 19 ndiyo iliyompa jina. Sisemi kwamba neno moja ndilo lililoleta ugomvi wote. Nasema mwanahistoria akidai kwamba "mafundisho ya jadi" nayo yana tarehe, ushahidi wake unaweza kuwa ndani ya Biblia iliyoko mezani.

---

Juma_Minneapolis amejibu:

Ndugu zangu, nawashukuru. Naishi huku mwaka wa kumi na saba sasa na nimekisoma kitabu hicho, na naomba niweke pingamizi kidogo ili dada Neema asiende darasani na upande mmoja.

Mzee wa Maktaba amesema kweli kuhusu Wabaptisti wa 1971, lakini si haki kuwasahau Wakatoliki. Wao hawakungoja Roe. Majimbo yalipoanza kulegeza sheria zao katika miaka ya 1960, maaskofu walikuwa tayari wanaunda vyombo vya kupinga, na waumini wa kawaida walikuwa wanakusanyika parokiani. Kwa hiyo swali la "1973 au mapema zaidi" lina majibu tofauti kulingana na kanisa unalolizungumzia. Mwaka 1973 ni muhimu, nadhani hasa kwa kuwa uliwasogeza pamoja watu ambao kwa vizazi walikuwa hawaaminiani. Mbaptisti wa Kusini wa mwaka 1928 alikataa kumpigia kura mgombea urais Al Smith kwa sababu ni Mkatoliki. Mjukuu wake wa mwaka 1980 aliandamana bega kwa bega na Wakatoliki. Muungano huo unahitaji kuelezwa, na tarehe yake si 1920.

Pia kuna suala la rangi, ambalo Griffith mwenyewe analipa sura nzima na ambalo hapa halijatajwa. Waulizeni Richard Loving na Mildred Jeter, mzungu na mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika. Walifunga ndoa Washington mwezi Juni 1958 na kurudi kwao Virginia. Mwezi uliofuata sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, aliingia chumbani kwao usiku wakiwa wamelala. Cheti cha ndoa kilikuwa kimetundikwa ukutani, wakamwonyesha, akajibu kwamba hapa hakifai kitu. Walihukumiwa mwaka mmoja jela, adhabu ikasitishwa kwa sharti kwamba watoke Virginia kwa miaka 25. Jaji Leon Bazile alipotakiwa kuipitia upya hukumu yake mwaka 1965, aliandika kwamba Mwenyezi Mungu aliumba mataifa yenye rangi mbalimbali na kuyaweka katika mabara tofauti, na kwamba kuyatenganisha kwake ni ushahidi kuwa hakukusudia yachanganyike. Mahakama ya Juu iliitupa hukumu hiyo kwa kauli moja tarehe 12 Juni 1967. Hiyo ni kesi ya ndoa, ya ujinsia na ya teolojia kwa pamoja, na haina kidonge wala mimba ndani yake.

Wapo wanahistoria wanaokwenda mbali zaidi na kusema kilichowaingiza wainjilisti kwenye siasa hasa si utoaji mimba, bali serikali kuzinyima shule zao za kibaguzi msamaha wa kodi. Mfano wanaoutumia ni Chuo Kikuu cha Bob Jones cha South Carolina, kilichokataza wanafunzi wa rangi tofauti kuwa wapenzi. Kilipokonywa msamaha huo katika miaka ya 1970, kikashindwa mahakamani mwaka 1983 kwa majaji 8 dhidi ya 1, na kikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2000. Jerry Falwell, mchungaji Mbaptisti wa Virginia, ambaye mwaka 1965 alihubiri kwamba kazi ya wachungaji si kuandamana, mwaka 1979 alianzisha shirika lake la kisiasa, Moral Majority. Mimi sikubali kwamba kodi inaeleza yote, maana mama wa nyumbani aliyebeba bango hakuwa anafikiria kodi ya chuo. Lakini tazama tena marufuku yenyewe ilihusu nini: nani ampende nani. Hata ubaguzi ulipotetewa, ulitetewa chumbani.

---

Zawadi_K amejibu:

Naona wachangiaji wamezungumza sana juu ya maaskofu, majaji na wachungaji. Griffith hakuanza kazi yake huko. Utafiti wake uliotoka mwaka 1997 ulikuwa juu ya akina mama wa kikarismatiki wa chama kilichoanzia Seattle mwaka 1967, wanawake wanaokutana kusali, kushuhudia na kulia pamoja, na wanaoamini kwa dhati andiko la "Enyi wake, watiini waume zenu". Alikaa nao, akasoma shuhuda zao, na hakuwacheka. Alichokiona ni kwamba wengi wao walilitumia fundisho la utii kama njia ya kupata nguvu katika nyumba ambazo hawangeweza au hawakutaka kuziacha: mke aliyeacha kugombana na mumewe na kumkabidhi Mungu alijiona ameshinda. Unaweza usikubaliane nao, na mimi nina mashaka yangu, lakini anayedhani kwamba wanawake wahafidhina walikokotwa tu na wanaume hajawasikiliza.

Phyllis Schlafly ni mfano wa upande huohuo katika siasa. Alikuwa Mkatoliki wa Illinois, mama wa watoto sita, aliyewahi kugombea ubunge na baadaye akasomea sheria. Bunge la Marekani lilipopitisha mwaka 1972 marekebisho ya katiba ya kuweka usawa wa jinsia, yalihitaji kuridhiwa na majimbo 38. Yalifika 35 na kukwama hadi muda ulipokwisha mwaka 1982. Wafuasi wa Schlafly waliingia katika mabunge ya majimbo na mikate na jemu walizotengeneza wenyewe, wakawagawia waheshimiwa. Mkate ule ulikuwa hoja: ulisema mama wa nyumbani ana heshima yake na hataki kusawazishwa. Mwanamke aliyekuwa safarini kila wiki kuwashawishi wabunge aliwaambia wanawake kwamba nyumbani ndiko kuzuri, na hakuona mgongano wowote.

Na upande wa pili, tafadhali usiende darasani bila Pauli Murray. Alikuwa mwanasheria Mmarekani Mweusi, mmoja wa waanzilishi wa chama cha kitaifa cha wanawake mwaka 1966, na mapema miaka ya 1960 alikuwa amefundisha sheria nchini Ghana. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60 aliacha kazi ya chuo kikuu akaingia seminari, na Januari 1977 akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kuwekwa wakfu kuwa kasisi katika Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Barua zake na shajara zake zinaonyesha pia kwamba maisha yote alihangaika na swali la kama mwili wake ulisema kweli kuhusu jinsia yake, na kwamba aliwapenda wanawake, jambo ambalo hakulitangaza. Mwezi Februari mwaka huohuo aliongoza ekaristi yake ya kwanza katika kanisa la Chapel of the Cross huko Chapel Hill, North Carolina, ambamo bibi yake Cornelia alibatizwa mwaka 1854 akiwa mtumwa. Alisoma kutoka Biblia ya bibi yake, juu ya kiti cha kusomea chenye jina la mwanamke wa ukoo uliommiliki bibi huyo. Jinsi, jinsia, ujinsia, rangi na dini vyote viko pale mbele ya madhabahu, ndani ya mtu mmoja.

---

Neema_M amejibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni sana nyote. Ndugu Juma, pingamizi lako limenisaidia kuliko unavyodhani, maana sasa nimeacha kutafuta tarehe moja. Nitasema kwamba kila kanisa lilikuwa na mwaka wake, na kwamba 1973 ulikuwa mwaka wa kukutana zaidi ya kuanza. Dada Zawadi, habari za Pauli Murray sikuwa nazo kabisa.

Nimepanga kuanza kwa kuwasomea lile azimio la Wabaptisti, kwa tafsiri yangu, bila kutaja mwaka wala kanisa, kisha niwaulize wanadhani liliandikwa na nani.

---

Mzee wa Maktaba amejibu:

Marahaba, binti yangu. Mpango mzuri, ila wasomee lote. Azimio hilo halikuwa la watu wanaoona utoaji mimba ni jambo dogo. Kifungu chake cha kwanza cha uamuzi kinazungumza juu ya utakatifu wa uhai wa binadamu, ukiwamo uhai wa kijusi, kabla ya kufika kwenye ruhusa. Ukisoma ruhusa peke yake watasema ni la walegevu, na ukisoma kifungu hicho peke yake watasema ni la mwaka 2003. Soma kifungu hicho, nyamaza kidogo, halafu soma ruhusa. Na kama kuna Mwanglikana darasani, mwulize kama anakumbuka Februari 2007, wakuu wa Kanisa lao kutoka pande zote za dunia walipokutana Dar es Salaam wakivutana juu ya Gene Robinson, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa New Hampshire mwaka 2003 ilhali akiishi waziwazi na mwanamume mwenzake. Baadhi yao walikataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na mkuu wa kanisa la Marekani, Katharine Jefferts Schori, ambaye tena alikuwa mwanamke.